Ziara Ambazo Hazikufika

Wenzake kazini walimwita Profesa. Hakuwa na shahada kubwa kuliko wao. Ni miwani tu, na ile tabia yake ya kufikiri kwanza hata akiulizwa kama amekula. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za simu, na aliifanyia nyumbani, kwenye meza iliyoegemea ukuta, tangu kampuni iliporudisha funguo za ofisi na kuwaambia wafanyakazi wote watano kwamba ofisi sasa ni popote ulipo. Wengine walifurahi. Yeye alikibeba kiti chake cha ofisini kichwani hadi nyumbani, akakiweka mbele ya meza, na toka siku hiyo zikawa zinapita wiki bila sababu ya kuvaa viatu.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha pili kilikuwa cha mama yake, aliyefariki miaka mitatu nyuma baada ya kuugua muda mrefu. Profesa hakuwahi kuoa. Mara mbili mambo yalikaribia, mara mbili yakapoa yenyewe, na mama alipoanza kuumwa yeye ndiye mtoto aliyekuwa karibu, basi akabaki karibu. Sasa chumba kile alianikia nguo, kwa kuwa ndicho kilichopata jua la asubuhi. Dada yake mkubwa, aliyeishi mbali na mume na watoto wanne, alimpigia simu kila Jumapili, na hakukosa kuuliza.

"Kile kitanda cha mama umeshakitoa?"

"Bado, dada."

"Unangoja kitoke chenyewe kwa miguu yake minne?"

Wangecheka kidogo. Kisha mtoto angelia huko upande wa pili, au kitu kingeungua jikoni, dada angesema "ngoja nitakupigia," na asingepiga mpaka Jumapili nyingine.

Kuna siku alizimaliza bila kutoa sauti. Aligundua hivyo msoma mita alipobisha hodi siku moja jioni. Profesa aliitikia na sauti ikatoka imekwaruza kama ya mtu aliyetoka usingizini. Mikutano ya kazi ilikuwepo, lakini ilifanyika kwenye kompyuta na kila mtu alizima kamera. Viboksi vitano vyeusi vikisema "naam" na "sawa" na "nimekusikia." Mikutano ilikwisha kwa kubonyeza, ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Programu aliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya wakunga. Wakunga wa zahanati za milimani huzunguka nyumba kwa nyumba kuwatazama wajawazito na waliojifungua. Zamani waliandika kwenye madaftari yaliyolowa mvua. Profesa aliwaandikia programu: mkunga anajaza taarifa za ziara, anapiga picha kadi ya mama, anabonyeza Hifadhi, anaendelea na safari. Kwa sababu mtandao wa milimani huja na kutoweka, programu haikutuma taarifa papo hapo. Ilikuwa na sehemu inayofanya kazi nyuma, kimyakimya, hata skrini ikiwa imezimwa. Inaamka kila baada ya muda, inatafuta mtandao, ikiupata inatuma. Watu wa kazi hiyo huiita uzi wa nyuma. Mtumiaji hauoni, wala hatakiwi kuufikiria. Na programu nzima iliandikwa mara moja tu lakini ikakubali kwenye simu za kila aina, jambo lililomwezesha mtu mmoja kuitunza peke yake. Mtu huyo alikuwa yeye.

Malalamiko ya watumiaji yalimfikia kwa maandishi, kupitia ukurasa maalumu. La kwanza la mkunga mmoja lilikuwa fupi: "Ziara zangu hazifiki. Msimamizi anasema sijatembelea mtu. Mimi natembea kila siku." Profesa alichukua simu mbili za majaribio, akaandika ziara za uongo kumi, akatuma. Zikafika. Akajibu: "Tumejaribu. Hapa kwetu inafanya kazi. Tafadhali hakikisha una mtandao." Akalifunga lalamiko.

Baada ya wiki mbili likaja la pili. "Mtandao ninao. Programu yenyewe inaniwekea alama ya kijani." Akajaribu tena. Zikafika tena. "Hapa kwetu inafanya kazi," akaandika, akaongeza maelezo kwamba alama ya kijani inamaanisha taarifa imehifadhiwa kwenye simu. La tatu alilijibu kabla chai haijapoa.

La nne lilikuja Jumatatu. "Nimepewa barua ya kujieleza kwa nini sifanyi kazi. Kikao ni Jumanne ya wiki ijayo. Safari hii naomba mtu, siyo jibu."

Alilisoma, akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena. Halafu akavuta droo akatoa simu zote sita za majaribio, za bei mbaya na za bei poa, mpya na zenye ufa, akazipanga mezani. Alizichomeka kwenye kompyuta kwa waya, moja baada ya nyingine, ili aone mstari kwa mstari ule uzi wa nyuma unafanya nini. Siku nzima hakuona kosa. Uzi uliamka, ukatuma, ukalala, kwa adabu zote, kama mtoto wa shule mwalimu akiwa amesimama pembeni yake. Jumanne ikapita hivyo hivyo. Jumatano mchana aliziangalia zile simu sita zilizolala kwenye waya zake, akatambua kwamba hajui kabisa simu ya mkunga inaishi maisha gani. Akampigia bosi.

"Uende mwenyewe?" bosi aliuliza. "Wewe, Profesa? Si umpigie simu tu yule mama?"

"Ameomba mtu."

"Haya. Siku mbili. Na utoke kweli, usije ukafika kituo cha basi ukarudi."

Alhamisi alipanda basi la alfajiri, na kabla ya saa tatu alikuwa zahanati. Ilikuwa nyumba ndefu ya bati yenye benchi moja nje na chumba cha msimamizi mwishoni. Msimamizi alikuwa mwanamume nadhifu, mafaili yake yamenyooka kama matofali. Alimgeuzia Profesa kompyuta yake amwonyeshe.

"Mimi sina ugomvi na huyu mama," alisema. "Lakini tazama. Wakunga sita. Watano taarifa zao zinakuja kila siku. Yeye, mwezi juzi ziara kumi na moja, zote za wiki ya kwanza. Mwezi jana, sifuri. Nimeshawapa wenzake nusu ya vitongoji vyake. Ningefanyaje? Kompyuta haina chuki na mtu."

Profesa aliisogelea skrini. Programu iliyochora ile sifuri ilikuwa yake.

Mkunga alikuwa anamngoja nje. Mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, viatu vya mpira miguuni, mfuko mkubwa begani. Alimtazama Profesa kuanzia juu mpaka chini, macho yakaishia kwenye viatu vyake vya ngozi.

"Wewe ndiye mtu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Huna viatu vingine?"

"Sina."

"Basi utavikumbuka hivyo."

Kabla hawajaondoka, Profesa aliomba simu yake, akaingiza nyongeza ndogo kwenye programu: sehemu ya kuandika kila kitu ambacho uzi wa nyuma unakifanya, saa na dakika, ndani ya simu yenyewe, bila waya wala kompyuta. Kisha akamrudishia akamwambia aitumie kama siku zote, asibadilishe kitu.

Walipanda. Mkunga alitembea kama mtu anayewahi kufunga mlango, na Profesa alihema nyuma yake. Nyumba ya kwanza, mkunga aliingia ndani na yeye akaambiwa angoje nje. Ndivyo ilivyokuwa katika kila nyumba: humo ndani kulikuwa na mambo ya wanawake, na yeye alikaa kwenye jiwe, au ndoo iliyopinduliwa, au ukingo wa ngazi. Kupitia dirishani alisikia maji yakimiminwa, mtoto akilia, kicheko cha wanawake watatu kikipasuka ghafla kwa jambo ambalo hakulisikia. Ulikuwa umepita muda mrefu hajakaa karibu hivyo na kicheko cha watu. Alijikuta anasikiliza kwa shingo iliyoinama, kisha akaona haya, akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Yule nje ni nani?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Fundi wa simu," mkunga akajibu.

Kosa kubwa. Kufika nyumba ya tatu, habari zilikuwa zimewatangulia, na mzee mmoja alikuwa anangoja na simu iliyofungwa kwa mpira. Nyumba ya nne waliletewa chaja tatu. Profesa alijaribu kueleza kwamba yeye anaandika programu, hafungui simu, mzee akamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Tatizo lake inazimika nikipiga." Mwishowe akaazima sindano akaikwangua ile sehemu ya kuchajia, vumbi likatoka, simu ikawaka. Mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mkono wa mwisho aliopewa kabla ya huo, Profesa hakukumbuka ulikuwa wa nani.

Katikati ya nyumba na nyumba aliitazama ile simu. Mkunga aliitoa, akaandika, akapiga picha ya kadi, akabonyeza Hifadhi, alama ya kijani ikatokea, akaizima na kuitumbukiza mfukoni kati ya mzani na mabunda ya pamba. Hakuifungua tena mpaka nyumba nyingine. Hakuwa na sababu ya kuifungua. Hivyo ndivyo programu ilivyoahidi: wewe fanya yako, mengine niachie mimi.

"Wenzako hutembelea nyumba ngapi kwa siku?" alimuuliza njiani.

"Nne. Tano, siku wakijitahidi. Wana vitongoji vya karibu."

"Na wewe?"

"Kumi. Kumi na mbili. Hata sasa walipoupunguza mgao wangu, ile nusu waliyochukua wamechukua ya karibu, na wale mama wengine wananipigia niwafikie hivyo hivyo." Aliruka mfereji bila kusimamisha maneno. "Mimi hupewa vya mbali kwa sababu silalamiki. Nimelalamika mara nne tu maisha yangu, zote kwa hiyo programu yako."

Walitembea kidogo.

"Hebu nikuulize," mkunga alisema. "Yule anayejibu malalamiko, ni mtu au ni mashine?"

"Kwa nini?"

"Anajibu neno lile lile. Hapa kwetu inafanya kazi, hapa kwetu inafanya kazi. Nilimwambia mume wangu, hii ni mashine wameiweka. Mtu angeuliza hata jina langu."

Profesa aliongeza mwendo. Mkunga alikuwa ameshatangulia.

Mchana, juu ya mlima, walipumzika mahali penye mtandao wa kutosha. Mkunga alivua viatu vyake vya mpira akanyoosha vidole. Profesa aliomba simu, akafungua ile kumbukumbu aliyoiingiza asubuhi, akasoma.

Saa tatu na nusu uzi wa nyuma uliamka. Ulipata mtandao. Ulikusanya ziara zote ambazo hazijatumwa, mia nne na themanini pamoja na picha za kadi, ukazifunga fungu moja, ukaanza kutuma. Kabla fungu halijafika hata nusu, simu ikaukata. Saa nne na dakika kumi uliamka tena, ukaanza upya kutoka ziara ya kwanza. Ukakatwa. Saa tano kasoro, vilevile. Saa tano na nusu, vilevile. Kila mara ulipokatwa haukusema neno kwa mtu yeyote. Ulilala, ukaamka, ukaanza mwanzo.

Alielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa usoni. Simu ikizimwa skrini na kuwekwa mfukoni hubania betri. Kazi za nyuma huzipa muda mfupi tu, ukiisha inazikata. Lakini simu iliyochomekwa kwenye waya haibanii kitu, inaona umeme upo tele. Ndiyo maana mezani kwake uzi haukukatwa hata mara moja. Waya alioutumia kulitafuta kosa ndio uliolizuia kosa lisitokee. Na wakunga wale wengine mafungu yao yalikuwa madogo, ziara nne au tano, yaliwahi kufika kabla ya muda kwisha. Kwa mkunga huyu, wiki moja ya mvua mtandao ulipotea siku tano, fungu likanenepa, na tangu hapo halikupata kupita mlangoni. Kila ziara aliyoongeza ililifanya liwe zito zaidi. Aliyetembea kuliko wote ndiye aliyeonekana hatembei.

Hilo lilikuwa kosa la hesabu za muda, na kila mwandishi wa programu hulifanya. Kilichomsumbua ni ule ukimya. Uzi ukishindwa ulipaswa kupiga kelele: kuweka alama nyekundu kwenye simu, kupeleka onyo kwake. Alifungua kompyuta magotini akatafuta sehemu hiyo. Mstari ulikuwa mmoja. Kosa lolote likitokea hapa, usifanye kitu. Pembeni yake kulikuwa na maneno matano ya mwandishi: "Ya muda tu. Nitarudi kurekebisha." Kumbukumbu ya programu ilionyesha jina la aliyeandika na tarehe.

Jina lilikuwa lake. Tarehe aliijua bila kuhesabu.

Wiki ile mama yake alikuwa wodini. Programu ilikuwa changa, inatoa maonyo kila dakika, nayo yalimjia yeye kwenye simu. Ililia katikati ya mama kusinzia, na muuguzi akaja akamwambia kwa upole, "Baba, aidha uizime au utoke." Hakutaka kuizima kwa sababu dada angepiga. Basi akatoka kwenye korido, akakaa sakafuni, akaandika mstari ule mmoja wa kunyamazisha makosa. Ilimchukua dakika mbili. Alirudi ndani, kukawa kimya, mama akapata usingizi. Siku nne baadaye wakamzika. Na alipoketi tena mezani hakukumbuka mstari wowote. Alikumbuka tu kwamba simu ilikuwa imetulia, akadhani programu imepona.

"Umeona nini?" mkunga aliuliza. "Umekaa kama umepigwa na butwaa."

"Nimeliona kosa."

"Ni la mtandao?"

"Ni langu." Akamweleza: muda unaokatwa, fungu lililonenepa, uzi unaoanza mwanzo. Mkunga alielewa haraka kuliko ambavyo bosi angeelewa.

"Kwa hiyo ziara zangu zimo humu humu ndani."

"Zote. Na tarehe zake na saa zake."

"Hazijapotea."

"Hazijapotea, mama." Akafunga kompyuta. "Na kuna lingine. Wewe uliuliza anayejibu ni nani. Ni mimi. Hakuna mashine."

Mkunga alimtazama kwa muda. Hakukasirika, kukasirika kungekuwa nafuu. Alionekana kama mtu anayejaribu kuifananisha sura na sauti.

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu."

"Hm," alisema, akaanza kuvaa viatu vyake. "Bado nyumba nne. Twende."

Walirudi zahanati saa kumi. Profesa aliomba kona ya chumba cha kusubiria, akaandika upya ile sehemu: ziara ziondoke moja moja, kila iliyofika iwekewe alama yake, ikikatwa ianzie ilipoishia. Juu ya skrini akaweka hesabu ya ziara ambazo hazijatumwa, kwa tarakimu nyekundu, mtumiaji azione bila kutafuta. Mstari wa ukimya akaufuta. Haikuwa kazi kubwa. Hilo nalo lilimuuma. Akaiingiza programu kwenye simu ya mkunga, akazima skrini, na bila kuichomeka kwenye waya akaiweka mfukoni mle mle, kati ya mzani na pamba.

Wakakaa kwenye benchi. Msimamizi aliitwa, akaja na kompyuta yake, akasimama nyuma yao kwanza kisha akakaa akaipakata. Ilipita dakika ishirini. Halafu kwenye kompyuta ya msimamizi ikatokea ziara moja, ya wiki ile ya mvua. Ya pili. Ikatulia, kisha zikaja tisa kwa mfululizo. Mkunga aliinama mbele akawa anasoma vitongoji na tarehe kwa sauti ya chini, kama anayeitikia majina. "Huyu ndiye aliyejifungua mapacha. Huyu nilimkuta anakoka moto, miguu imevimba. Huyu amehama sasa." Kiza kilipoanza kuingia zilikuwa zimefika mia nne na zaidi, nyingine zinaendelea, na ile safu ya sifuri kwenye chati ilikuwa imepanda juu kuliko safu za wenzake wote watano.

Msimamizi alikohoa. "Basi kikao hakitakuwepo," alisema.

"Kikao kiwepo," mkunga akasema. "Barua nilisomewa mbele ya watu."

Kikao kikawepo. Profesa aliandika maelezo ya ukurasa mmoja, akaeleza kosa lilivyokuwa, nani alilifanya, na kwamba mkunga aliripoti mara nne na mara tatu akapuuzwa. Hakuyataja ya wodini. Hayakumhusu mtu pale. Bosi alipoisoma ile rasimu alimwomba alainishe maneno, aseme "kampuni" badala ya "mimi." Profesa alibadilisha sehemu moja, nyingine akaziacha. Jumanne yenyewe alisikiliza kwa simu, nyumbani, kichwa kimeinamia meza. Barua ilifutwa. Msimamizi aliomba radhi kwa sauti ya mtu anayesoma bango. Vitongoji vya mkunga hata hivyo havikurudi vyote. Wenzake walikuwa wameshapangiwa, karatasi zimeshapita. Mama wale wa vitongoji vya karibu, ambao alikuwa akiwajua tangu mimba zao za kwanza, wakawa wa mtu mwingine.

Baada ya kikao alimpigia. Alikuwa ameyapanga maneno toka asubuhi.

"Mama, nilitaka kusema samahani. Kwa kosa, na kwa yale majibu."

"Nimekusikia," mkunga alisema.

Alingoja. Nyuma ya mkunga kulikuwa na watu wanazungumza, vyombo vinagongana. Hakuongeza kitu, wala hakukata simu. Profesa ndiye aliyeaga.

Wiki zilizofuata aliipitia programu nzima, mwanzo mpaka mwisho, akitafuta mistari mingine ya ukimya. Alikuta kumi na moja. Minne ilikuwa ya kijana aliyeacha kazi zamani, saba ilikuwa yake, na katika hiyo saba mitano aliiandika ndani ya mwaka ule mmoja mama alipozidiwa. Aliifuta yote. Simu yake ikaanza kulia mchana kutwa, maonyo juu ya maonyo, na bosi akauliza kwenye mkutano kulikoni.

"Profesa, mbona programu imeanza kuwa na makosa mengi hivi?"

"Ilikuwa nayo," alijibu. "Sasa inasema."

Kwenye viboksi vyeusi mmoja akacheka, na mwingine, na kwa muda mfupi ikawa kama zamani ofisini. Halafu bosi akasema "haya, tuendelee," wakaendelea.

Aliomba awe anakwenda milimani walau mara moja kwa miezi miwili. Bosi alisema atalifikiria. Hajalitolea jibu, na Profesa hajui kama aulize tena au angoje. Ule ukurasa wa malalamiko bado anaujibu yeye. Sasa huanza kwa kuuliza jina, na uko wapi, na simu unaiweka wapi ukitembea. Wengi hushangaa. Wengine hudhani ni mtego, wasijibu.

Mwezi uliopita, siku ya Ijumaa saa nane mchana, likaja lalamiko kutoka kwa mkunga yule. "Tarakimu nyekundu inasema ziara moja haijatumwa tangu jana. Nifanye nini?" Profesa hakuandika jibu. Alikohoa kwanza kuisafisha sauti, akampigia.

"Ah, ni wewe," mkunga alisema. Alikuwa anatembea, pumzi zake zilisikika, na viatu vyake kwenye kokoto.

Picha ya kadi ndiyo iliyokuwa imeharibika. Alimwelekeza aifute apige nyingine, hatua kwa hatua, na mkunga alifuata huku akirudia kila neno. Walimaliza ndani ya dakika tano. Profesa akauliza njia zikoje siku hizi za mvua. Mbaya, mkunga akasema. Akauliza yule mzee wa simu ya mpira hajambo? Hajambo, anakusalimu kila mara, ameharibu nyingine. Profesa akacheka, akawa anatafuta cha kuuliza tena, na hapo akasikia mlango ukifunguliwa huko upande wa pili, na sauti za wanawake zikimkaribisha mgeni wao.

"Haya, mdogo wangu, naingia ndani," mkunga alisema, simu ikakatika.

Alibaki ameishika. Kwa miaka mingi hakuwa ameitwa mdogo na mtu asiye dada yake. Baadaye kidogo akaigeukia kompyuta, akafungua ukurasa unaoonyesha ziara zinapoingia. Majina ya wanaotembelewa hufichwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtu kama yeye huona namba tu, na saa. Aliisubiri. Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili, ile ziara iliyokwama ikafika, ikajipanga chini ya nyingine. Dakika arobaini baadaye ikafika inayofuata, ile ya nyumba aliyosikia mlango wake ukifunguliwa. Aliitazama ile namba mpaka skrini ikafifia, akaigusa iwake tena.